Ubongo Ndani ya Samli

Garissa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila bunduki hulia ng'ambo ya mto. Usimwambie Bibi.

Unajua kazi yangu hapa maabara ya mifugo: kuosha chupa na kumsaidia Daktari. Wiki hii niliogopa sana. Mama Halima, mfugaji tuliyepakana naye, alihamishiwa na jeshi katika kijiji chenye ulinzi kwa sababu ya vita, pamoja na mbuzi wake. Sasa vitoto vya mbuzi vinaburuta miguu ya nyuma. Kapteni wa askari wanaokilinda akasema ni ugonjwa wa kuambukiza, kundi lote lipigwe risasi Ijumaa. Mama Halima hana kingine cha kulisha wanawe.

Daktari alishuku kwamba mbuzi wenye mimba walikosa madini ya shaba kwenye majani, ndiyo maana vitoto vilizaliwa dhaifu. Akaomba ubongo wa kitoto kimoja. Mama Halima alichinja, akauleta. Nilipofunua chombo nikakuta umekaangwa, umezama kwenye samli!

"Wallahi nimehifadhi fizuri," akasema kwa lafudhi yake. "Nyama ya safari tunafanya hifi. Unalia nini?"

Nililia kwa sababu tulitaka kupima mafuta ya ubongo, Mama, na sasa yamechanganyika na samli. Ukikausha ubongo, karibu nusu yake ni mafuta, na mengi yameshikamana na fosforasi. Ndiyo yanayovika mishipa ya fahamu. Bila shaba hayatengenezwi ya kutosha, na yakipungua, miguu haitii.

Daktari akacheka. "Binti, samli huyeyuka kwenye asetoni. Hayo ya fosforasi hugoma."

Mama Halima akakaanga vilevile ubongo wa kitoto kizima, kisichougua, ili tulinganishe. Tukayeyusha kila ubongo kwa etha, tukamimina asetoni, zote dawa za maji za maabara, ili samli ibaki imeyeyuka na mafuta ya ubongo yazame. Ya kitoto kizima yalituama mazito kama maziwa mgando. Ya kile kilichougua yalikuwa utando tu.

Ijumaa Kapteni alikuja na askari. Daktari alieleza kwamba ni upungufu wa shaba tu, lakini yeye akanigeukia mimi.

"Wewe ulipima? Ugonjwa huu unaambukiza?"

Unanijua nilivyo mbele ya watu.

"Hauambukizi, afande."

"Sauti!"

"Hauambukizi!"

Akanitazama, kisha akaamuru boma lifunguliwe, mbuzi wakanywe maji chini ya ulinzi. Mama Halima alinipakatisha kitoto kimoja kilicholemaa, nikakibeba hadi mtoni, bunduki zikitufuata nyuma. Moyo wake ulidunda kifuani pangu njia nzima, Mama, au ulikuwa wangu.

Nisalimie Bibi, Mjomba wa relini hapo Voi, na wadogo zangu.

Mwanao akukumbukaye,
Wakesho