Pampu Haikupumzika

Odhiambo, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa hapa kazini kwetu Migosi, kwenye ile meza yetu inayocheza mguu mmoja. Kompyuta yako iko mbele yangu. Kaka yako aliniletea baada ya mazishi, akasema ni yangu sasa. Kwa muda mrefu sikuweza hata kuifungua.

Nimeifungua. Ndiyo maana naandika.

Uliondoka kikundi cha Mama Atieno, wale akina mama wafugaji wa samaki, kikiwa kimepoteza ngege tena. Wewe hadithi unaijua, lakini wacha niisimulie, nikusikie kidogo. Tulikuwa tumewafungia mtambo kwenye vizimba vyao ziwani: kipimo cha oksijeni ndani ya maji, kidhibiti kidogo cha kukisoma, na pampu ya kupuliza hewa oksijeni ikishuka. Kwa vile wengi wao wanakaa mbali na ziwa, tukaongeza laini ya simu. Mtu anatuma ujumbe, mtambo unamjibu maji yako vipi. Waliipenda sana hiyo.

Lakini alfajiri nyingine pampu ilikuwa inapumzika yenyewe, hewa ikiwa imeisha majini, na kukicha samaki wanaelea matumbo juu. Tukabadilisha mota. Tukabadilisha nyaya. Mama Atieno hakutugombeza hata siku moja. Alisema tu, kwa upole, kwamba wakipoteza kizimba kingine watatuomba tuung'oe mtambo wetu.

Wewe ulikuwa umeshaacha kutazama mota. Ulirudi kwenye modeli, ule mchoro wa mtambo mzima ndani ya kompyuta, kila sehemu na kisanduku chake, kila habari na mstari wake. Ukaniambia, "Njeri, tusiulize pampu imefanya nini. Tuulize imeambiwa na nani."

Wiki hiyo hiyo ukalazwa. Nilidhani ni malaria tu, utatoka. Nilikuwa nimepanga kukuletea chai Jumapili.

Basi. Nilipofungua kompyuta nikakuta umeanza. Ulianzia kwa pampu ukawa unarudi nyuma, mstari kwa mstari, ukipaka rangi kila kisanduku ambacho habari yake inaweza kuifikia pampu. Ulikuwa umeishia njiani. Nikaendelea pale ulipoachia. Kipimo cha oksijeni kikapata rangi, na hiyo niliitarajia. Saa ya ndani ikapata. Betri pia, kwa sababu kidhibiti huipumzisha pampu betri ikilegea. Nikauliza, na betri je, nani anaigusa? Rangi ikaenda kwenye sola. Halafu, Odhi, ikaingia kwenye laini ya simu.

Nilisimama. Hakuna mstari tuliouchora kutoka kwa simu kwenda kwa pampu. Tungeapa kwamba hizo mbili hazijuani. Kumbe kila wakati mtambo unapojibu ujumbe, laini hunyonya betri kwa ghafla, nguvu inashuka, na kidhibiti kinadhani betri imechoka, kinaipumzisha pampu. Alfajiri betri iko chini tayari. Akina mama wanaamka na wasiwasi, wote wanatuma ujumbe kuuliza samaki wao wako aje. Na kule kuuliza ndiko kulikokuwa kunawakata samaki pumzi.

Sijui nikueleze vipi. Nimelelewa kanisani, na hata huko sijawahi kuona kitu kama hiki. Mama mmoja yuko jikoni kwake mtaani Kaloleni, anabonyeza simu, na neno lake linapita mahali ambapo hakuna mtu aliyelichorea njia, mpaka linafika chini ya ziwa na kubadilisha kinachopumuliwa huko. Nilitaka kukuita uje uone. Niligeuka kabisa kukuita.

Nilipomweleza Mama Atieno, aliuliza, "Kwa hivyo ni sisi?" Nikamwambia hapana, ni vile tulivyounganisha. Tukaipa simu betri yake na sola yake. Nikarudia uchambuzi kuanzia kwa pampu, na safari hii rangi haikuigusa simu popote.

Lakini mchoro ni mchoro. Tulienda ziwani alfajiri, tukasimama juu ya vizimba, na Mama Atieno akawaambia wenzake wote, popote walipo, watume ujumbe kwa pamoja. Mtambo ukawajibu, mmoja baada ya mwingine. Pampu ikaendelea kunguruma, Odhi. Haikushtuka hata kidogo. Mama Atieno akainama, akaweka kiganja juu ya mapovu yaliyokuwa yakipanda, akakaa hivyo hivyo mpaka jua likatokea juu ya milima ya Nandi. Kisha akakushukuru kwa Kijaluo, akiyaangalia maji. "Erokamano, wuod Awasi." Asante, mwana wa Awasi.

Hawajapoteza samaki kwa kukosa hewa tangu siku hiyo.

Jumamosi naenda kwenu Awasi kumwona mama yako. Amenipigia simu akasema hajawahi kuelewa ni kazi gani iliyokuwa ikikukalisha mbele ya kioo cha kompyuta mpaka chakula kinapoa. Nimemwahidi, na wewe nakuahidi, nitamleta ziwani, nimtembeze juu ya zile mbao zinazoelea, aone samaki wakipumua. Anaogopa maji, unamjua. Nitamshika mkono njia nzima.

Lala salama, Odhi. Mama yako niachie mimi.

Njeri