Nusu ya Gazeti Aliyoikata Ludvik

Mtaa wa Nane,
Sheboygan, Wisconsin.
4 Februari 1947

Mpendwa mdogo wangu Lojze,

Salamu nyingi zikufikie huko Minnesota kwenye theluji na vumbi la chuma. Mgongo unaendeleaje? Na wifi Rezka, kikohozi kimemwachia? Mwambie uyoga wake mkavu umefika salama, na supu ya shayiri imepata ladha ya nyumbani. Sisi hatujambo, ila goti langu siku hizi linabashiri baridi kabla ya redio. Mume wangu Ludvik yuko kiwandani kwake, bado anagundisha miguu ya viti na bado anagombana na kila mtu.

Sasa nije kwenye barua uliyomwandikia mwanao Tine. Ilifika jana, akanisomea mwenyewe mezani. Umesema umeona matokeo ya mpira wa kikapu aliyokutumia Ludvik: jina la ukoo wetu, Prelesnik, na mbele yake vikapu sifuri, mtupo huru mmoja, faulo tano, jumla pointi moja. Umemuuliza tangu lini mtu mzima akalipwa mshahara na timu kwa kuwakumbatia wenzake uwanjani. Umesema nafasi yake mgodini ipo, apande treni ya Jumamosi.

Lojze, mtoto ameshafunga sanduku. Nilimwambia amjibu baba yake, amweleze mambo yalivyokuwa. Akanijibu, "Shangazi, Baba ameshasoma. Nikianza kujieleza ataona natafuta visingizio." Hapo nikakuona wewe kabisa, na ule ukaidi wako wa kunyamaza. Nikaona niandike mimi, maana wanaume wa ukoo wetu ukingoja wafungue mdomo utazeeka.

Kwanza nilimuuliza Ludvik alikutumia nini hasa.

"Matokeo," akasema.

"Yote?"

"Yetu."

Basi nikaelewa. Unamjua shemeji yako. Tangu Wolcott watunyang'anye kombe kabla ya vita, jina la mji huo haliingii humu ndani. Gazeti likifika, anachukua mkasi wangu wa kushonea, anakata upande wao na kuwashia jiko. Nimepiga kelele mpaka nimechoka. Na orodha ya wachezaji ina pande mbili, sisi kushoto, wao kulia. Wewe ulipata kushoto tu. Hata nani alishinda hukuambiwa.

Tulishinda, mdogo wangu.

Wolcott wana jitu moja, Einar Tolvstad, ambaye mlango wa ukumbi wetu anaupita kwa kuinama. Msimu huu hakuna aliyemweza. Kila mchezo anaondoka na pointi ishirini na ushee. Siku hiyo mwalimu wa timu, Kessler, alimwita Tine mbele yetu sote akamwambia, "Wewe leo usinifungie hata kikapu kimoja. Kazi yako ni yule pale." Tine akamganda yule bwana kama kupe.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya benchi letu na soseji yangu mkononi, na sikuila. Jamaa alimpiga mwanao viwiko vya mbavu mpaka nikatamani kuingia uwanjani na mwavuli. Nikamsikia akimtania, "We dogo, mama yako anajua uko hapa?" Tine akamjibu, "Anajua. Wako je, anajua leo hufungi?" Benchi zima likacheka. Mimi pia nilicheka, ingawa roho ilikuwa mkononi.

Zile faulo tano usizionee aibu. Jitu likishapata mpira chini ya kikapu, halizuiliki. Dawa ni kulishika mikono kabla halijarusha, lipewe mitupo huru, kwa sababu mitupo hiyo hulishinda. Kessler ndiye aliyeagiza. Faulo ya tano mchezaji hutolewa nje, na Tine alipotoka dakika za mwisho ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Ludvik alipanda juu ya kiti. Kwa bahati ni cha kiwanda chao, hakikuvunjika.

Lakini karatasi ya mchezo haina mahali pa kuandika umemzuia nani. Wanaandika vikapu, mitupo huru na faulo, basi. Kazi ya mwanao iko kwenye mstari wa mtu mwingine, na mstari huo Ludvik aliuchoma.

Jana jioni nilimweleza alichokifanya, na kwamba Tine anaondoka kwa sababu hiyo. Alivaa koti akaenda kwa jirani yetu Bibi Hintz, anayeweka magazeti ya zamani ya kufungia mayai, akarudi na ukurasa mzima. Alikata upande wa kulia akaubandika kwenye kadi kwa gundi ya kiwandani, hapa hapa mezani kwangu, jina la Wolcott likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Nilipika chakula nikijifanya sioni. Alipomaliza akasema, "Mwambie shemeji asome."

Kadi hiyo nimekutilia humu ndani ya bahasha. Tolvstad: vikapu viwili, mtupo huru mmoja, jumla pointi tano. Shuka mpaka chini kwenye jumla ya wote. Wao thelathini na saba. Kisha uangalie ile nusu uliyo nayo, sisi thelathini na nane. Ile pointi moja uliyoicheka, itoe humo uone tunabaki na nini.

Msalimie wifi Rezka, unibusie Anica na pacha wake, na umwambie mzee Grebenc kwamba mbegu zake za kabichi nimezihifadhi. Bibi Hintz naye anakusalimu, ingawa hakujui.

Sikuamulii, Lojze. Ni mwanao. Ukisema aje, atakuja wala hatabisha, na Jumamosi nitamfungia mkate wa safari. Lakini barua hii itakufikia Ijumaa, na telegramu hufika siku hiyo hiyo. Ukituma, usiniandikie mimi. Andika jina lake juu, halafu neno moja tu linatosha: Baki.

Mungu akulinde huko chini ya ardhi na akurudishe juu kila jioni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,

Ivanka