Bomba la Kisima cha Kidete

Kidete, Jumatano usiku

Kutu ya lile bomba bado iko sikioni. Nimenawa, haitoki.

Kisima cha kijiji chetu kipya kiliporomoka asubuhi, fundi Selemani akiwa chini. Nilipofika kutoka shuleni, vijana walikuwa wakitikisa kamba aliyoshukia, wakingoja naye aitikise. Niliwaambia waache. Wimbi la kamba husonga mbele huku kamba yenyewe ikicheza kushoto na kulia, na udongo ulikuwa umeibana pande zote. Lingefia hapo juu.

Nikachukua jiwe, nikagonga kichwa cha bomba la pampu. Lilikuwa limejaa tope, lakini pigo la namna hiyo, kama sauti, hukibana chuma na kukiachia kwa urefu wake. Halihitaji nafasi ya pembeni.

Nikaweka sikio. Akajibu.

"Yu hai!" nikapiga kelele. Watu wakachimba kama wendawazimu. Mkewe, Bi Zena, akanishika bega.

"Mwalimu, anasemaje?"

"Anagonga, mama. Anatusikia."

Adhuhuri alikuwa akigonga kwa mbali. Baadaye nikawa nagonga mimi peke yangu.

Bi Zena akapiga magoti, akaweka sikio lake mwenyewe. Alisikiliza muda mrefu.

"Gonga tena, Mwalimu. Labda hajasikia."

Nikagonga. Niligonga mpaka majembe yalipomfikia, jioni. Vidole vyake vilikuwa vimelishika bomba, na ilibidi tuvibandue kimoja kimoja, mkewe akitazama.