Lugha ya Abdulmalik na Mayai ya Matungu

S.L.P. 417,
Mumias.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Zeituni,

Assalaam aleikum warahmatullah. Umeamkaje huko Muskat, na goti lako linasemaje na joto hilo? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, nami katika nyumba yangu mpya nina furaha hata naona haya kuisema.

Uliniuliza mume wangu anafanya kazi gani, maana umesikia anashinda nyumbani na kompyuta. Anatunga lugha, shangazi. Si ya kuzungumza, ni ya kuiamuru mashine ya kuangulia vifaranga. Mtu anaandika ujumbe wa simu, na mashine inajua iweke joto kiasi gani. Kazi kubwa ni kuamua alama ipi ianze amri, ipi iimalize, na vipimo vipi mtu asiruhusiwe kuvibadilisha kabisa. Hivyo vya kutobadilika anavitangulizia neno DAIMA. Yeye alitaka THABITI. Mimi nililipenda DAIMA, naye ananipenda, basi likapita.

Mashine ya kwanza aliwapa akina mama wa kikundi kimoja cha Matungu waijaribu. Wangeirudisha, angekwenda Nairobi kwenye kazi aliyoahidiwa, nami nikae kwa mama mkwe tukionana mwisho wa mwezi. Na ndoa yenyewe bado mbichi!

Jumanne tukaenda. Mwenyekiti wao, Mama Awinja, alitoa simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe. Abdulmalik alikuwa amejaza mabano yale yaliyopinda kila mahali katika amri zake.

"Kijana, haya masharubu nitayatoa kitufe gani?" mama huyo akauliza.

Wenzake walicheka hadi kuku wakatawanyika.

Mume wangu aliiomba ile simu, akaibonyezabonyeza, kisha akafungua kompyuta palepale mkekani na kuyafuta mabano yote. Sasa amri inaanza kwa nyota na kuishia kwa reli, kama mtu anapoangalia salio. Akawaeleza kwamba joto ni DAIMA, na siku ishirini na moja za kuatamia nazo ni DAIMA.

"Joto funga," akasema Mama Awinja. "Siku ziache. Hapa tunafuganga na bata, na bata hana haraka."

Abdulmalik akazifungua. Mama huyo akaandika amri mwenyewe, akatuma, na mashine ikaitikia kwa taa ya kijani.

"Iache hapa," akasema. "Na wewe usiende mbali. Ikigoma, nitakuja kugonga mlango wako."

Basi haendi, shangazi! Jioni alipiga simu Nairobi akaikataa ile kazi, nami nimesimama nyuma yake nimeshika shati lake.

Nisalimie Raisa na wanawe. Mama mkwe anakusalimu sana, na mdogo wangu Mubarak pia, amerefuka hutamjua. Mwenyezi Mungu akupe afya na akurudishe salama, uje nikuchinjie ingokho, kuku wetu wa huku, kwangu.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Hamida