Ulimi Wangu na Sufuria Sita

Jumatatu, 8 Septemba

Chapati arobaini kabla jua halijakolea. Maharagwe tayari. Mchuzi wa mbuzi tayari. Wali unakauka. Malori mawili ya Mombasa yamesimama nje, la tatu linatafuta pa kuegesha. Hapa Salama, kando ya barabara ya Mombasa, hoteli za chakula ni nyingi, lakini hoteli ni yangu.

Nimepika Mombasa. Nimepika Juba, risasi zikilia kama bisi. Nimepika Nairobi kwa tajiri mmoja, alilia nilipoacha kazi, mwanamume mzima. Shule niliachia darasa la sita, lakini ulimi wangu una digrii. Kijiko kimoja tu, najua sufuria inataka nini.

Kidonda cha kidole gumba cha mguu bado kibichi. Wiki ya tatu sasa. Kaa la moto liliniingia kwenye ndala, nikaendelea kukoroga. Nikasikia harufu, nikauliza ni nani anachoma nyama mapema hivi. Kumbe ni mimi. Nikiwasimulia wateja wanacheka mpaka wanashika meza.

Sikuhisi uchungu hata kidogo. Hiyo sehemu huwa siwasimulii.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimepimwa kliniki. Sukari ya damu kumi na nane.

Daktari hakunitazama usoni. Alitazama kidole. Sukari ikibaki hapo juu, kidonda hakifungi. Kisipofunga, kidole kitakatwa. Tukichelewa, si kidole peke yake. Nirudi tarehe 9 Oktoba. Nikamwambia bado nina vingine tisa. Hakucheka. Daktari asiyecheka ni mtu mbaya.

Ameniongezea vidonge. Kisha nikapelekwa kwa msichana wa lishe, kucha zimepakwa rangi, ameniita susu kwa Kikamba. Mimi! Nyanya yake kabisa! Akanionyesha picha ya sahani. Nusu mboga, robo ugali, robo ndengu au nyama. Akauliza kwa siku nakula nini. Nikamwambia ukweli. Sili. Nitakula saa ngapi na wateja wamejaa? Akaniangalia kama mwizi wa kuku aliyeshikwa na manyoya mdomoni. Akasema niandike kila kitu ninachokula.

Sawa. Daftari ninalo, hili hili.

Naogopa. Mpishi ni miguu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilichokula. Asubuhi, hakuna. Mchana, hakuna. Jioni, ugali kidogo na sukuma wiki.

Msichana na aje asome. Ndege anakula kunishinda.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada Mama Faith wa kwaya alinivuta kando. Dada yake aliponywa sukari kwa maji ya ndimu na supu ya kabichi. Siku saba, hakuna kitu kingine. Hata video anayo kwenye simu. Mwanamume kifua kama mlango wa benki anasema sukari inatoka mwilini kama jasho.

Naanza kesho. Mimi si mtu wa nusu nusu. Picha ya sahani ni ya watu wenye muda.

Kanini alisikia, akatangulia kuelekea nyumbani. Kanini ni wifi yangu, mjane wa marehemu kaka yangu. Miaka tisa tunapika pamoja, na maneno aliyosema hayajazi kikombe.

Jumatano, 17 Septemba

Siku ya tatu ya kabichi. Tumbo linahubiri. Nimemfokea mteja aliyeomba pilipili. Nimemfokea Kanini. Nimefokea redio.

Kukaa siwezi. Kusimama siwezi. Vidonge nameza kama kawaida.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeanguka.

Saa tano asubuhi, mbele ya kikaango cha chapati. Mikono ilianza kutetemeka, jasho baridi, kisha wateja wote wakawa mapacha. Salimu alinidaka. Salimu ni dereva wa lori, mtu wa Mombasa, anakula kwangu kila safari. Bila yeye ningelala juu ya jiko. Akanimiminia chai mdomoni, sukari vijiko vinne, huku anapiga kelele, "Mama Mutheu! Ukifa leo mimi nitakula wapi? Kwa yule wa chapati za ngozi?"

Nikacheka huku nimelala chini. Watu wakacheka.

Aibu niliyoipata, sina mahali pa kuiweka.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimempigia msichana wa lishe. Amenigombeza mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Vidonge na njaa ni kujiua. Hakuna dawa ya siku saba, hii ni kazi ya siku zote. Mwishowe sauti ikashuka. "Susu, chakula si adhabu. Kula. Lakini kaa chini ule."

Kaa chini. Amewahi kuona hoteli huyu?

Nimerudia sahani ya picha. Jioni mboga nyingi, ugali kama ngumi, ndengu. Nikalala nimeshiba vizuri.

Jumatano, 24 Septemba

Nimepima duka la dawa. Kumi na saba.

Kumi na saba! Na mtu hali! Nimemwambia yule wa dawa mashine yake imekufa, akajipima mwenyewe mbele yangu. Tano. Nikatoka bila kuaga.

Nimefika jikoni nikiwaka. Nikamwambia Kanini mwili wangu umerogwa, unatengeneza sukari kutoka kwa hewa. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Wifi, wewe unakula siku nzima."

Nilimwambia maneno sitaki kuyaandika. Kwamba nilimpa kazi, kaka yangu akiwa bado hajaoza kaburini. Ndiyo, niliyasema. Akaendelea kuchambua mchele.

Ijumaa, 26 Septemba

Leo jioni, wateja wamepungua, Kanini ameweka beseni mezani. Lile la bluu la kukandia unga. Limefunikwa na kitambaa.

Nikafunua. Uchafu mtupu. Maharagwe, wali, mchuzi, ncha za chapati, viazi, kipande cha mandazi, mafuta yameganda juu, chai ya maziwa inaelea. Hata mbwa wa stendi angeomba msamaha apite. Nikauliza haya ni mabaki ya nani.

Akasema, "Yako."

Tangu alfajiri, kila nilipoonja, alichota kiasi kile kile akatia humo. Kijiko cha maharagwe kuangalia chumvi. Kingine kuhakikisha. Ncha ya chapati ya kwanza, ya kumi, ya ishirini. Mchuzi kabla ya nyanya, mchuzi baada ya nyanya. Chai, niangalie kama sukari imekolea. Sufuria sita, na mimi nazizunguka kama askari wa zamu. Siku nzima alifanya hivyo na sikumwona.

Beseni limekaribia kujaa.

Niliketi. Nikalitazama. Daftari langu la Ijumaa ile linasema "hakuna". Sikuwa nadanganya. Naapa. Kwangu kula ni sahani. Kijiko ni kazi.

Nikamwomba Kanini msamaha kwa yale ya juzi. Akasema beseni linataka maji ya moto.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimepata ujanja. Naonja, natema. Kwenye hoteli kubwa za Nairobi nilisikia wazungu hufanya hivyo na divai.

Saa nne mzee mmoja mwenye kofia ameniona nikitema kando ya sufuria ya mchuzi. Amesimama, amechukua kofia, ameondoka. Wengine wawili wamemfuata bila hata kujua sababu.

Ujanja umeisha saa nne na dakika tano.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimejaribu kupika kwa pua. Nimejaribu kwa macho. Maharagwe yametoka chumvi mara mbili, Salimu amekunywa jagi zima la maji, akaniuliza kama bahari imehamia Makueni.

Mchana nimejificha stoo nikala chapati mbili kavu, kwa hasira, nimesimama, mlango nimeufunga na goti. Mwanamke wa miaka hamsini na minne. Bosi wa hoteli.

Najua dawa ya jambo hili. Siitaki. Dawa ni mtu mwingine aonje.

Huo ulimi ndio pekee nilio nao. Sina shamba la maana, sina cheti. Nikiutoa huo, mimi ni mama mnene tu anayekoroga. Na nisipoutoa, wanachukua kidole. Siku nane zimebaki. Nimeufungua mdomo kumwambia Kanini mara tatu. Mara tatu nimemwambia alete kuni.

Jumamosi, 4 Oktoba

Pilau ya watu mia moja na hamsini, mkutano wa akina mama wa kanisa. Oda kubwa kuliko zote mwaka huu. Sufuria ya kuogea mtoto wa ndovu. Chumvi ikikosea leo, habari inafika Mwingi kabla ya wali kupoa.

Nilichukua mwiko. Nikachota. Mvuke ukanipiga usoni, mdalasini, iliki, kitunguu kimeiva mpaka kimekuwa kahawia. Mate yakajaa. Kidole ndani ya bandeji.

Nikampa Kanini mwiko.

Alishtuka. Akapuliza, akaonja, akafumba macho. Akakaa hivyo. Muda mrefu! Mimi kijiko kimoja, sekunde moja, nimemaliza. Huyu anaomba dua? Nikataka kumnyang'anya. Niliificha mikono ndani ya aproni nikazishika nyonga zangu mwenyewe.

"Chumvi, mkono nusu," akasema. "Na tuache dakika kumi."

Kwangu ingekuwa mkono mzima. Nikaweka nusu.

Kisha, kwa kuwa kubaki pale kungeniua, nilipakua sahani yangu. Kabichi na karoti nusu. Pilau kiasi cha ngumi. Vipande viwili vya nyama. Nikaenda mezani, ile ya dirishani, nikakaa. Miaka kumi na mbili nina meza hizi, sikujua ile ya dirishani inayumba. Nimewawekea watu sahani juu ya meza inayoyumba miaka yote, hakuna aliyesema.

Nikala polepole. Nikashiba kabla sahani haijaisha. Nilidhani ni ugonjwa mwingine.

Akina mama wamekula mpaka ukoko. Mama Faith ameongeza mara mbili. Habari za kabichi hakuzitaja.

Jumatano, 8 Oktoba

Kesho.

Siku nne nimekula nimekaa, mara tatu kwa siku. Asubuhi uji wa wimbi bila sukari na yai. Mchana sahani. Jioni muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na mbaazi ya mama yangu, lakini kidogo, na kunde nyingi kando. Jumapili nilikula chapati moja, mezani, mbele ya watu, bila kujificha. Ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kuonja. Mbili za stoo sikumbuki hata ladha yake.

Lakini siku nne ni nini? Kidonda hakijui nimetubu lini. Nimeosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Nimemhesabia Kanini vijiko, kisha nikavihesabu tena. Nimetengeneza mguu wa meza. Siwezi kutulia. Nina hofu kama mtoto.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kumi na moja.

Daktari alifungua bandeji, akabonyeza, akanusa. Akabonyeza tena. Mimi natazama dari, nina mizaha sita tayari mdomoni na hakuna inayotoka. Pembeni nyama mpya, nyekundu. Kidonda kimeanza kufunga. Akasema hatukati leo. Nikauliza na kesho? Akasema kesho ni kazi yangu, vidonge na sahani. Nirudi baada ya mwezi. Sukari bado iko juu, nisijidanganye.

Nililia pale kitini. Msichana wa lishe akanipa karatasi ya choo nijipanguse. Akaulizia daftari. Nikamwambia nimelisahau nyumbani. Humu kuna mambo ya kwangu. Nikamsimulia beseni. Amecheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, akaandika kitu kwenye karatasi zake.

Anaweza kuniita susu.

Jumapili, 19 Oktoba

Jana, harusi ya mtoto wa binamu, Kitui. Keki, soda, mbuzi watano. Nilichukua sahani, nikarudi mara ya pili, kisha soda. Nimepima leo asubuhi, kumi na tatu. Zamani ningesema basi imeharibika, tule tu yote. Leo nimemeza uji, nimemeza vidonge, nimetembea mpaka darajani na kurudi. Nimekasirika, lakini si sana.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, barabara imetulia, malori machache. Nimepima, kumi. Kidole kimekauka juu.

Mchana nilikaa mezani na sahani yangu. Ndengu, sukuma, ugali. Kanini alikuwa kwenye sufuria, anaonja kwa ile dua yake. Salimu meza ya pili, anafuta bakuli la maharagwe kwa chapati.

"Mama Mutheu," akasema, "mkono wako umerudi. Haya maharagwe, wallahi! Siku ile ya chumvi ulikuwa umetupotea."

Mdomo wangu ulishafunguka. Asante ilikuwa hapo kwenye meno. Jikoni mwiko ulisimama.

"Si mimi, Salimu. Ni Kanini. Mimi sijaonja hiyo sufuria tangu mwezi uanze."

Salimu akageuka. "Kanini! Kumbe ni wewe!" Kanini akatazama sufuria, akakoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Sikuwahi kuona shingo yake ikinyooka vile.

Ndengu zangu, chumvi ningeongeza kidogo. Sikusema. Zilikuwa bado moto. Nikaendelea kula.