Nimekusamehe, Usirudie

Shirimatunda, Moshi
Alhamisi jioni

Dada yangu mpendwa Mektrida,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wote wa hapo Tarakea, na kwamba maharage yenu yametoka shambani salama kabla mvua haijayaharibu. Sisi huku tunaendelea. Wifi yako Goodness amerudi kutoka kwa mama yake Marangu, anakusalimu sana. Ng'ombe amezaa ndama jike, kwa hiyo karibuni maziwa yatakuwepo hadi ya kugawia majirani. Nami ni mzima wa mwili. Ya moyoni ni mengine, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu ilhali simu ninayo mfukoni.

Kwa simu nilishindwa. Jumapili uliponipigia nilikuwa nimekusudia kukueleza yote, lakini ulinitangulia kwa kuomba radhi. Ulisema umembana Priska mpaka amekiri kwamba alimuudhi mjomba wake, na kwamba Jumapili hii baada ya misa utamleta mwenyewe, na jani la isale la kuombea radhi mkononi, apige magoti mbele yangu. Nami nikakujibu kwamba yamekwisha, dada, usijali. Nilijibu kama mtu mwenye moyo mkubwa. Jirani yangu Thadeus anakuja huko kesho kununua maharage, nimemwomba akukabidhi barua hii mkononi mwako. Nakuomba usimlete mtoto. Soma mpaka mwisho, utajua kwa nini.

Kazi yangu unaijua, ingawa huwa unanitania kwamba nalipwa kwa kuuliza watu habari zao. Mwaka huu nimekuwa nikizunguka kwa vijana wanaoishi na maumivu yasiyoisha. Yupo aliyeharibika mgongo kwa kubeba mizigo ya wageni mlimani, wapo waliokuwa bodaboda, wapo wasichana walioacha shule kwa sababu hawawezi kukaa kwenye dawati. Mikopo ya vijana ikija, wao hawamo, maana vikundi haviwataki. Ya walemavu ikija, wanaulizwa mbona wana miguu miwili. Nyumbani wanaitwa wavivu. Mimi huandika hayo, kisha nawashauri wakubwa wabadilishe taratibu zao.

Kwa hiyo ulipomleta Priska akae kwangu, awe karibu na kliniki, nilijiona nimepewa baraka ya kumsaidia mtoto wa dada yangu kwa jambo ninalolijua. Daktari alitueleza mimi na yeye kwamba ni baridi yabisi, kwamba huwapata hata vijana, kwamba dawa huchukua muda, na kwamba asubuhi ndiyo saa yake mbaya. Nilielewa. Nisingeelewa, leo ningekuwa na pa kujificha. Wiki ile ya kwanza tulikuwa jikoni mchana, akimenya ndizi za mtori, nikamwuliza hali hiyo ikoje hasa. Akacheka, akasema yeye huamka alfajiri kama watu wote, ila mwili wake huchelewa kuamka, humfuata saa nne. Nikaona ni maneno mazuri sana, nikayaandika.

Lakini kumsikiliza mtu kwa saa moja ni jambo moja, na kuishi naye ni jingine. Asubuhi nilimwona amelala, anageuka kwa shida, kikombe cha chai anakishika kwa viganja viwili. Mchana nilimwona anafua, anaimba, anacheka na binti wa jirani kwenye ua. Taratibu jicho langu likaanza kuuamini ule mchana peke yake. Nikambatiza jina, nikamwita mgonjwa wa zamu. Nilisema kwa utani, na yeye alicheka. Sasa najua alicheka kwa sababu chakula alichokuwa akila ni changu.

Siku ya warsha yetu pale mjini Goodness hakuwepo. Ng'ombe alilia tangu alfajiri, na Priska hakutoka. Ikabidi niingie migombani na panga, nimevaa suti, nimkatie majani. Nikarudi nimelowa, nikasimama mlangoni kwake, nikamwambia kwamba nyumba yangu si hospitali, kwamba wasichana wa umri wake wana waume na watoto, na kwamba mama yake amenitupia mzigo alioshindwa kuubeba. Ndivyo nilivyosema, dada. Nilikutaja na wewe.

Nikaenda ukumbini. Nikawaambia wakubwa kwamba binti mmoja aliniambia mwili wake huchelewa kuamka. Mama mmoja wa mstari wa mbele akafuta machozi. Nikaendelea kwamba kinachowaumiza vijana hawa kuliko ugonjwa wenyewe ni kutoaminiwa na watu wa nyumbani kwao. Makofi niliyopigiwa hujawahi kuyasikia. Na soksi zangu, dada, zilikuwa bado mbichi kwa umande wa yale majani.

Haya yote ni aibu, lakini siyo yaliyonifanya nikuandikie. Linalonikaba ni hili.

Niliporudi jioni Priska alikuwa ananisubiri barazani. Alipoinuka akaanza kupiga magoti, nawe unayajua magoti yake, alishuka kidogo kidogo huku ameshika ukuta. Akaninyooshea isale kwa mikono miwili. Alikuwa amelichuma kwenye mpaka wa shamba, akalifunga fundo kama tulivyofundishwa na wazee. Akasema anaomba radhi kwa kuniaibisha mbele ya kazi yangu. Nikalipokea. Fundo lile halikufungwa kwa vidole. Jani lilikuwa limechanika kwa alama za meno, maana vidole vyake havikunjiki. Niliziona alama zile. Nilielewa palepale mtoto alivyohangaika, jani mdomoni, ili apate kuniomba msamaha. Na bado nililiweka juu ya kabati kama mtu aliyelipwa haki yake, nikamwambia nimekusamehe, usirudie.

Asirudie nini, dada? Kuumwa?

Kesho yake alitangulia watu wote kuamka, akamkatia ng'ombe majani. Sijui panga alilishikaje. Kisha akaomba ruhusa, akasema amekumbuka nyumbani. Nilimruhusu upesi, kwa kuwa sikuweza tena kumtazama mikono. Alipokufikia hakunisema, na wewe ukadhani amenikosea. Mtoto wako hana kosa. Amebeba langu mpaka Tarakea.

Jumamosi nitakuja mwenyewe. Watu watasema mtu mzima hamwombi mtoto radhi, tena mjomba. Waseme. Nilikwisha kulikata isale la kuja nalo, nikalirudisha shambani. Isale halikataliwi, unajua, anayeletewa hana njia ila kusamehe. Nataka Priska awe na njia. Akitaka kukataa, akatae, na wewe usimbane tena.

Ila kliniki asiache, hilo nakuomba kwa magoti yangu mazima. Jumanne ni siku yake. Akiona hawezi kukanyaga kwangu, nimezungumza na binamu yetu Elisifa pale Mawenzi, amesema chumba kipo na asubuhi hakuna atakayemgongea mlango. Goodness atampeleka kwa daktari. Mimi nitakaa mbali mpaka aniite mwenyewe, na asiponiita nitakuwa nimestahili.

Unisamehe na wewe kwa lile neno la mzigo, kama unaweza. Nisalimie shemeji, na majirani zetu wa sokoni. Priska naye mfikishie salamu zangu, lakini usimwamshe kwa ajili yake. Mpe saa nne, mwili wake ukishaamka.

Ni mimi mdogo wako,
Jovin