Goti la Mama Adelina

Karagwe, Jumatatu, Julai 1993
(Nimenakili kutoka daftari langu la zamani, sikubadili kitu.)

Ukungu umechelewa kuondoka leo. Hadi saa tatu asubuhi vilima vya ng'ambo vilikuwa havijaonekana, na harufu ya kahawa iliyoanikwa ilinifikia kabla sijajua inatoka ua wa nani. Nimetembea kwenda wodini kama mtu ambaye hajaamka sawasawa. Sijachoka. Niko hivi tangu Alhamisi.

Alhamisi Mama Adelina alikataa upasuaji.

Anatoka Ihembe. Goti lake la kushoto liliharibiwa na kifua kikuu cha mifupa alipokuwa binti, na sasa mfupa unasaga mfupa. Usingizi hapati, shamba limemshinda, msalani anakwenda kwa kushikiliwa. Habari za magoti ya bandia nazisoma kwenye majarida. Huku kwetu hayajafika. Ninachoweza ni kuunganisha mfupa wa paja na wa ugoko viwe kitu kimoja. Maumivu yanakwisha na mguu unakuwa imara, ila goti halikunjiki tena maisha yote.

Nilimweleza hayo yote. Kisha nikaongeza, kwa majivuno kidogo, kwamba yupo mama mmoja wa Kamuli niliyemfanyia hivyo mwaka juzi, na leo anakwenda sokoni bila fimbo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Huyo ni wifi yangu," akasema. "Kutembea anatembea. Wageni wakija anajificha jikoni."

Sikumwelewa. Muuguzi ndiye aliyenifafanulia, mimi mzaliwa wa Ihanda, wilaya hii hii, jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua. Mwanamke wa kwetu humsalimu mgeni akiwa amepiga magoti, na akimsalimu mkwe wima huyo amemdharau. Wifi yake hawezi tena kupiga magoti, basi ameona heri asionekane kabisa. Na mavuno ya kahawa yakiisha, wakwe watarajiwa watakuja Ihembe kumposa Adelina. Mama yake atawapokeaje? Mama Adelina akasema atangoja hadi Jumatatu, siku ya gari, arudi nyumbani na goti lake linalouma.

Jumatatu ni leo.

Nakiri hapa, kwa kuwa sina ujasiri wa kukiri kwingine. Dada zangu nimewaona wakipiga magoti mlangoni tangu nikiwa mdogo, nami nikapita katikati yao kwenda kucheza. Mimi ni mwanamume, magoti yangu nimeyatumia kwenye benchi la kanisa tu. Nimepasua magoti mengi ya wanawake wa wilaya hii, na sikumwuliza hata mmoja anayatumia kwa kazi gani. Niliona aibu. Bado naiona.

Jana baada ya ibada nilisinzia kitini. Nikaota wanawake wanateremka mlimani ndani ya ukungu, mmoja mmoja wanapiga magoti, nami napita nyuma yao nikiwanyoosha miguu. Hakuna aliyelalamika. Walibaki wamesimama wima wote, wananitazama.

Nilipoamka nilikwenda stoo nikachukua banzi, vile vibao vya kunyooshea mguu uliovunjika. Nikajifunga mguu wangu wa kushoto kwa bendeji kuanzia pajani hadi kifundoni, goti likakakamaa kama gogo. Nikajaribu kupiga magoti sebuleni. Nilianguka kifudifudi. Mara ya pili nilianguka chali, nikaangusha na meza ya redio.

Mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Ihanda, alikuwa nje anachambua maharage. Akaingia, akanikuta sakafuni. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamweleza, na kicheko kikaisha taratibu.

Akaniambia nilipokuwa tumboni mwake alitoka jipu gotini, akaenda kumsalimu baba mkwe wake hivyo hivyo. Akanionyesha. Mguu mbovu unauachia uende pembeni, umenyooka, unaufunika na kitenge. Goti zima linashuka peke yake taratibu, kiganja kimoja chini, kichwa kimeinama. Ukimtazama kutoka mbele huoni tofauti. Nikatazama nyonga yake ilivyofunguka na kuubeba ule mguu, mzee wa miaka yake, na nikajiona mjinga. Siku zote nimekuwa nikilifikiria goti peke yake. Nyonga za Mama Adelina ni nzima kabisa, nimezipima mwenyewe.

Tulifanya mazoezi mpaka jua likaanza kuteremka, mimi na mama yangu, tukisalimiana sakafuni.

Leo asubuhi nimeingia wodi ya wanawake na koti langu jeupe, banzi mguuni, kitenge cha mama kiunoni. Wauguzi walidhani nimerukwa na akili. Mama Adelina alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kifurushi chake kimefungwa, anangoja gari. Nikasimama mbele yake. Nikaachia mguu pembeni, nikashuka.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Kwa kawaida yetu, aliyepiga magoti hainuki mpaka aitikiwe, kwa hiyo nilikaa pale pale. Sakafu ilikuwa baridi. Nilisikia wagonjwa wakinong'ona. Alitazama kitenge, akatazama mahali mguu ulipokwenda, akainama kidogo kuchungulia upande wa pili. Niliogopa kuliko ninavyoogopa chumba cha upasuaji.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Sasa nione unavyoinuka."

Hapo ndipo penyewe. Muuguzi alisogea kunishika, nikamkataza. Viganja viwili chini, vidole vya mguu mzima vikakamata sakafu, nikasukuma, nikayumba, nikashika hewa. Nikasimama. Jasho lilikuwa linanitoka.

Mama Adelina hakucheka. Alisema nimeinuka kama ng'ombe, na kwamba yeye atafanya vizuri zaidi, maana amezoea tangu utoto. Kisha akaanza kufungua kifurushi chake, fundo moja moja, akatoa kanga akaitandika tena kitandani.

Gari liliondoka bila yeye.

Sasa ni jioni, vilima vimeonekana vyote, vya bluu, na mimi naandika huku goti langu la kulia likiniuma. Kesho saa mbili asubuhi tunaanza na yeye. Lakini nikifumba macho simwoni yeye, namwona wifi yake. Miaka miwili nimemtaja kila mahali kama fahari yangu, na miaka miwili yote amekaa kwenye moshi.

Jumamosi nitaomba lifti kwenye lori la kahawa hadi Kamuli. Nitabeba banzi na kitenge. Na nikifika kwake sitabisha hodi mbele. Nitapitia mlango wa jikoni.